Uchungu Umeanza? Kuutambua, Kuuhesabu na Kuondoka kwa Wakati

Kijitabu hiki ni cha mama aliyeingia miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na cha wale watakaokuwa naye siku ikifika: mume, mama mzazi, mama mkwe, wifi, jirani mwenye bodaboda. Kisomeni mapema. Kama kuna asiyejua kusoma, asomewe kwa sauti, na mkibishana ni vizuri zaidi, kwa sababu siku ya uchungu hakuna atakayepata nafasi ya kubishana.

Wodi ya wazazi hupokea akina mama wawili ambao wangeweza kupunguziwa taabu. Wa kwanza anafika kichwa cha mtoto kimeshaonekana, kanga zimelowa, kadi ya kliniki imesahaulika nyumbani. Wa pili anafika leo, anarudishwa; anafika kesho, anarudishwa; siku uchungu wenyewe unapokuja anaona haya kwenda tena. Wote wawili wameupima uchungu kwa ukali wake, na ukali ni kipimo kibaya. Yuko mama anayelia kwa nguvu mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita mbili tu, na yuko anayefika sentimita nane huku akiagiza watoto wapewe uji. Mwili wa mtu na mtu haufanani, na malezi yetu pia yametufundisha kuvumilia kwa viwango tofauti.

Kinachosema kweli ni mpangilio. Uchungu unarudi baada ya muda gani, kila mmoja unakaa muda gani, na katikati yake tumbo linalegea au halilegei? Maswali hayo matatu hujibiwa kwa saa na kwa mkono juu ya tumbo. Saa ipo kwenye kila simu, hata ya kitochi.

Uko wiki ya ngapi?

Mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hutimia kwa wiki 40, yaani siku 280. Kuipata tarehe ya matarajio, chukua siku hiyo ya kwanza, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu. Aliyeona hedhi tarehe 10 Machi anatarajia kujifungua tarehe 17 Desemba. Kama huikumbuki, mkunga atakukadiria kwa kupima kimo cha mfuko wa uzazi. Ultrasaundi iliyopigwa mapema hukadiria vizuri zaidi.

Usiishikilie tarehe hiyo kama miadi. Watoto wachache sana huzaliwa siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi. Kuanzia wiki 37 hadi kuingia ya 42 ni kawaida. Lakini ukitimiza wiki 41 bila uchungu, rudi kliniki hata kama huumwi. Kondo la nyuma huchoka, na huenda ukahitaji kuanzishiwa uchungu.

Tumbo linalokaza na kuachia bila mpango

Mfuko wa uzazi ni msuli, na msuli huu hujinyoosha na kujikaza miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Daktari mmoja wa Uingereza, John Braxton Hicks, aliueleza mkazo huu mwaka 1872, na hadi leo vitabu vya uuguzi vinautaja kwa jina lake. Wakunga wetu huuita uchungu wa uongo. Maumivu yenyewe unayasikia kweli, ila hayafungui njia.

Huu huja ovyo. Unabana sasa, unarudi baada ya dakika 25, kisha baada ya dakika saba, kisha unapotea mpaka kesho. Mara nyingi unausikia mbele ya tumbo au kwenye kinena. Huzidi jioni, baada ya kazi nzito, baada ya kubeba ndoo, baada ya kushinda juani bila kunywa maji, baada ya tendo la ndoa, au kibofu kikiwa kimejaa. Ukibadilisha unachofanya, nao unabadilika.

Kwa hiyo, ikiwa umepita wiki 37, chupa haijapasuka na hutoki damu, jaribu hivi: nenda kakojoe, kunywa glasi mbili za maji, oga maji ya uvuguvugu, kisha lala ubavu wa kushoto kwa saa moja. Ukipungua au kuacha, endelea na shughuli zako nyepesi. Ukizidi licha ya hayo yote, chukua simu uanze kuhesabu.

Uchungu unaofungua njia

Kwa akina mama wengi uchungu wa kweli huanzia kiunoni, nyuma, ukazunguka mpaka chini ya kitovu. Wengine huusikia mgongoni tu, wengine mapajani, wengine unafanana na maumivu ya hedhi kiasi kwamba wanajiuliza kama si tumbo la kula kitu kibaya. Huanza taratibu, unapanda, unafika kileleni, unashuka, kisha tumbo linalegea kabisa na unaweza kuongea kama kawaida. Ukitembea hauachi, mara nyingi huongezeka. Kadiri saa zinavyokwenda, pumziko la katikati linapungua na kila uchungu unakaa muda mrefu zaidi. Inafika mahali ukiwa kwenye kilele huwezi kumaliza sentensi uliyoianza.

Ndani, misuli ya mfuko wa uzazi inauvuta mlango wa kizazi kwenda juu, unakuwa mwembamba, kisha unafunguka mpaka sentimita 10 ambazo kichwa cha mtoto kinahitaji. Hatua ya mwanzo, kabla ya sentimita tano, haina muda maalumu; kwa mimba ya kwanza inaweza kuchukua usiku mzima na mchana wake. Kuanzia sentimita tano kazi inashika kasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unasema hatua hiyo ya kasi kwa kawaida haizidi saa 12 kwa mimba ya kwanza na saa 10 kwa zinazofuata. Ndiyo maana muuguzi akikupima akakuta sentimita mbili anaweza kukuambia utembee, na akikuta sita anakupa kitanda.

Namna ya kuhesabu

Weka vidole vya mkono mmoja juu ya tumbo, karibu na chini ya mbavu, pale mfuko wa uzazi unapoishia. Usibonyeze kwa nguvu. Uchungu ukija utasikia tumbo linapanda na kukakamaa chini ya vidole. Wakunga hufundishana kwa uso: tumbo likibonyea kama ncha ya pua, mkazo bado ni mdogo, likiwa gumu kama paji la uso, mkazo umekomaa. Mtu mwingine aweza kukushikia, na hii ni kazi nzuri ya kumpa mume ambaye anazunguka chumbani hajui afanye nini.

Andika mambo mawili kwa kila uchungu: saa ulipoanza, na sekunde ulizokaa mpaka tumbo likalegea. Muda wa kurudi huhesabiwa kutoka mwanzo wa uchungu mmoja mpaka mwanzo wa mwingine. Wengi huhesabu kutoka mwisho wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata, na hapo hesabu huharibika, kwa kuwa muda wa uchungu wenyewe umeachwa nje.

Tazama karatasi hii ya mama wa kwanza:

Saa 3:05 usiku, sekunde 35
Saa 3:17, sekunde 40
Saa 3:27, sekunde 40
Saa 3:36, sekunde 45
Saa 3:44, sekunde 50
Saa 3:51, sekunde 50
Saa 3:57, sekunde 55

Kutoka dakika 12 zimefika sita, na kila uchungu ni mrefu kuliko wa mwanzo. Huyu ameanza safari. Sasa tazama ya mama wa pili:

Saa 3:05 usiku, sekunde 20
Saa 3:30, sekunde 45
Saa 3:37, sekunde 30
Saa 3:59, sekunde 25
Mpaka saa 5:00 hakuna tena

Huyu wa pili huenda aliumia kuliko wa kwanza saa 3:30. Lakini karatasi yake haina mwelekeo, na anaweza kulala.

Usihesabu uchungu mara mbili tu ukakata shauri. Fuatilia kwa saa nzima. Na usihesabu usiku kucha kwa kila mbano, utafika wodini umechoka kabla ya kazi yenyewe. Hesabu saa moja, pumzika, hesabu tena unapoona umebadilika. Kituoni utasikia wauguzi wakisema "uchungu mara tatu kwa dakika kumi". Wao huhesabu mara ngapi tumbo limekaza ndani ya dakika kumi. Ni jambo lilelile unalolifanya nyumbani, limeelezwa kwa njia nyingine. Beba karatasi yako uwape.

Lini uondoke nyumbani

Kwa mama mwenye mimba ya kwanza, mwenye afya, mimba imetimia, na anayeishi karibu na kituo chenye barabara na usafiri wa uhakika, kanuni inayotumika sana ni hii: uchungu unarudi kila dakika tano, unakaa dakika nzima, na hali hiyo imeendelea kwa saa moja. Aliyewahi kuzaa asiingoje dakika tano. Mlango wa kizazi uliowahi kufunguka hufunguka upesi zaidi, na uchungu unaorudi kwa mpangilio kila dakika kumi unatosha kumtoa nyumbani.

Hata hivyo, kanuni ya dakika tano iliandikwa kwa watu wenye lami. Mama wa Jibondo au Chole, visiwa vidogo vya Mafia, lazima apande chombo kwanza ndipo aifikie barabara ya kwenda hospitali ya wilaya Kilindoni, na maji yakiwa yamekupwa chombo hakisogei ufukweni kwa sababu tu yeye ana uchungu. Mama wa vijiji vya delta ya Rufiji anajua masika inavyofanya njia. Kwa hawa, saa ya kuondoka huhesabiwa kurudi nyuma: safari inachukua saa ngapi mchana, saa ngapi usiku, saa ngapi mvua ikinyesha, chombo kinapatikana saa ngapi? Kama safari ni saa tatu, ondoka uchungu unapoonyesha mpangilio wa kwanza, hata kama ni dakika 15. Heri kufika ukaambiwa bado.

Bora zaidi ni kutosubiri uchungu kabisa. Hospitali na vituo vya afya kadhaa nchini Tanzania vina nyumba ya kusubiria kujifungua, ambayo wengi wanaiita mama ngojea na wengine chigonella. Mama huhamia hapo siku kadhaa au wiki chache kabla ya tarehe yake, akiwa na ndugu wa kumpikia. Tunajua si rahisi kuacha watoto na shamba. Muulize mkunga wako mapema kama ipo karibu, ina vitanda vingapi na mnapaswa kwenda na nini.

Dharura ikitokea, kuna namba ya simu 115, bila malipo, ya mfumo wa m-mama. Anayepokea huuliza maswali, kisha hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa akupeleke kituo kinachofaa. Sema kwa mpangilio: uko kijiji gani na karibu na nini, mimba ya ngapi, ina wiki ngapi, uchungu umeanza saa ngapi, chupa imepasuka au la, kuna damu au la, umewahi kupasuliwa au la. Aandike mtu haya kwenye karatasi na kuibandika ukutani, maana wakati wa taharuki hata jina la kitongoji hupotea.

Wapo akina mama ambao hawatakiwi kukaa nyumbani kuhesabu. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji aondoke uchungu wa kwanza unapobisha, aende moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati, kwa sababu kovu la zamani linaweza kuachia. Vivyo hivyo mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyekaa vibaya, mwenye shinikizo la damu, aliyetokwa damu nyingi uzazi uliopita, na aliyezaa mara tano au zaidi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI awahi pia, aendelee kumeza dawa zake kwa saa zake, na awaambie wahudumu, kwa sababu mtoto anahitaji dawa yake mapema baada ya kuzaliwa. Maelezo haya huandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ifungue leo, umuulize mkunga kila alama usiyoielewa.

Tukizungumzia kuondoka, nani anasema "twende"? Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawa ucheleweshaji unaoua akina mama katika sehemu tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ule wa kwanza hutokea chumbani kwenu. Baba yuko baharini au mgodini, simu haipatikani, mama mkwe anasema wao walizaa bila hospitali, na saa zinakwenda. Mkubaliane sasa, mbele ya mama mkwe huyo huyo, kwamba mpangilio ukitimia mama anaondoka bila kungoja ruhusa, nauli iko mahali fulani, na mwenye pikipiki au gari ameshaambiwa. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 81 ya uzazi unafanyika vituoni, kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16. Familia nyingi zimeshalimaliza jambo hili. Zenu nazo zinaweza.

Mkoba ukae tayari kuanzia wiki ya 36: kadi, kanga na vitenge safi, nguo za mtoto, kofia, soksi, pedi, beseni, sabuni, na vifaa ambavyo kliniki yenu imewaelekeza. Sera inasema huduma za uzazi katika vituo vya serikali ni bure, lakini uliza mapema kituo chenu kina nini na kimepungukiwa nini.

Wakati unasubiri nyumbani, kula chakula chepesi, kunywa uji na maji, kojoa kila baada ya muda mfupi, tembea ukiweza, lala ubavu ukichoka.

Ute, damu na chupa

Ute mzito unaofanana na kamasi, wenye michirizi ya damu ya rangi ya waridi au kahawia, ni kizibo cha mlango wa kizazi. Ukitoka ukiwa umepita wiki 37 ni ishara kwamba njia inaanza kulainika, lakini uchungu unaweza kuja leo au baada ya siku kadhaa. Peke yake haukutoi nyumbani.

Damu mbichi inayotiririka au kulowesha pedi ni habari nyingine. Usihesabu chochote; nenda hospitali, na mtu yeyote asikuingize vidole ukeni kukupima njiani. Huenda kondo la nyuma limekaa mlangoni.

Chupa ikipasuka, maji hutoka kwa kishindo au kwa kuchuruzika kidogokidogo. Ukiwa na shaka kama ni mkojo, vaa pedi au kitambaa safi, lala nusu saa, kisha simama: maji ya uzazi yatachuruzika tena bila wewe kuyazuia, na hayana harufu ya mkojo. Tazama rangi. Yakiwa maangavu, andika saa yalipotoka na uende kituoni hata kama huna uchungu, kwa sababu kadiri saa zinavyopita ndivyo maambukizi yanavyopata nafasi. Yakiwa ya kijani au kahawia, mtoto amejisaidia ndani. Yakiwa na harufu mbaya, kuna maambukizi. Hapo usichelewe hata kidogo. Tangu chupa ipasuke usiweke kitu chochote ukeni na usishiriki tendo la ndoa.

Jambo moja ni nadra lakini halisubiri. Ukisikia au kuona kamba ya kitovu imetangulia ukeni, piga magoti, kifua na kichwa viwe chini, makalio juu, ili kichwa cha mtoto kisiibane. Usafirishwe hivyo, au ukiwa umelala ubavu na mito chini ya nyonga.

Maumivu yasiyoachia

Turudi kwenye lile swali la tatu, la tumbo kulegea, kwa sababu linasahaulika kuliko yote. Uchungu wa uzazi, hata ule mkali kabisa, huachia. Kati ya mmoja na mwingine tumbo hulegea, mtoto hupata damu ya kutosha, nawe unapumua. Tumbo likiwa gumu muda wote, halibonyei, linauma mfululizo bila pumziko, hiyo si kawaida ya uzazi. Kondo la nyuma linaweza kuwa limeachia kabla ya wakati, na damu inaweza kujificha ndani usiione nje. Kwa aliyewahi kupasuliwa, maumivu makali ya ghafla kisha uchungu ukakatika yanaweza kuwa kovu limepasuka. Piga 115, nenda hospitali yenye upasuaji na damu.

Ondoka bila kuhesabu pia ukipata kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu makali chini ya mbavu, degedege, homa, au mtoto akipunguza kucheza. Hili la mwisho tunaling'ang'ania, kwa sababu wengi wameambiwa mtoto hutulia uchungu ukikaribia. Namna anavyocheza yaweza kubadilika kwa kuwa nafasi imebana, lakini hapaswi kunyamaza. Akinyamaza, nenda akapimwe mapigo ya moyo.

Kabla ya wiki 37

Yote tuliyosema kuhusu kuoga na kungoja hayahusu mama ambaye hajafika wiki 37. Kwake, tumbo linalokaza mara nne au zaidi ndani ya saa moja, mgongo unaouma kwa kwenda na kurudi, mgandamizo chini kama mtoto anasukuma, au maji yanayochuruzika, ni sababu ya kwenda siku hiyohiyo. Malaria na maambukizi ya njia ya mkojo huamsha uchungu mapema, na yote mawili yanatibika. Hata kama uchungu hauzuiliki, hospitali inaweza kumchoma mama sindano za kuyakomaza mapafu ya mtoto njiti. Sindano hizo zinahitaji saa kadhaa zifanye kazi kabla ya mtoto kutoka, na saa hizo ndizo zinazopotea mama akisubiri nyumbani aone itakuwaje.

Pwani, maumivu ya namna hii mara nyingi huitwa chango, na mama hukandwa tumbo kwa mafuta. Kukandwa mgongo na kiuno kwa upole hakuna ubaya, na kunatuliza. Kulisukuma au kulikanda tumbo lenye mimba kwa nguvu kuna ubaya.

Dawa za kuongeza uchungu, na maungamo

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zinapatikana karibu kila kona, zinatolewa na watu wanaompenda mama. Baadhi zinafanya kazi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Hospitali nayo hutumia dawa ya kuongeza uchungu, lakini huidondosha kwa kipimo, mtoto akisikilizwa mapigo ya moyo, na huizima tumbo lisipolegea. Kikombe ukishakinywa hakizimiki. Uchungu unaweza kuja juu ya mwenzake bila pumziko, mtoto akakosa hewa, mfuko wa uzazi ukapasuka. Mafuta ya nyonyo nayo huharisha na kumkausha mama maji kabla ya kazi. Kama umeshakunywa kitu, mwambie muuguzi. Anahitaji kujua ili asikuongezee dawa juu ya dawa, na akianza kukugombeza, mwambie tena.

Katika jamii zetu nyingi uchungu ukichelewa mama huambiwa aungame: ametembea na nani, amemkosea nani. Hili tunalisema bila kuzunguka: hakuna dhambi inayofunga mlango wa kizazi. Uchungu huchelewa kwa sababu mtoto ni mkubwa, amelala vibaya, nyonga ni ndogo, au msuli umechoka. Mama anayeulizwa majina ya wanaume badala ya kutafutiwa gari anapoteza muda ambao hana.

Ukirudishwa nyumbani

Ukiambiwa bado, usione aibu. Kabla ya kuondoka uliza: njia imefunguka sentimita ngapi? Mapigo ya mtoto yakoje? Nirudi nikiona nini? Kama kwako ni mbali, omba kukaa karibu, au kwa ndugu aliye mjini. Na ukiona jambo jipya nusu saa baadaye, rudi nusu saa baadaye. Kupimwa mara mbili usiku mmoja hakuna mtu aliyewahi kufa nako.

Mtoto akija njiani

Ukisikia haja kubwa ya ghafla katikati ya uchungu wenye nguvu, usikimbilie chooni. Huenda ni kichwa cha mtoto, na wapo waliozaliwa kwenye shimo la choo kwa sababu hiyo. Kama tayari anakuja, pikipiki isimame. Lala ubavu au uchuchumae juu ya kanga safi, mwenzako anawe mikono, na mtu apige simu. Asimvute mtoto, amdake tu. Akitoka akaushwe mara moja kwa kitambaa kikavu, awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili, kichwa cha mtoto pia. Asipolia, asuguliwe mgongo kwa kitambaa huku mkimkausha. Kitovu kisikatwe kwa wembe uliotumika wala kisu. Kiachwe kikiwa kimeungana na kondo mpaka mfike kituoni. Kondo lisivutwe. Likitoka lenyewe, liwekwe kwenye mfuko safi na lisafiri pamoja na mtoto, muuguzi alikague kama limetoka lote. Mama aanze kumnyonyesha hapohapo, maana kunyonya hulikaza tumbo na kupunguza damu. Kisha safari iendelee, na anayemsindikiza amwambie muuguzi mtoto alizaliwa saa ngapi.